Pilipili Zilizolala Nje

Nilitoka Lodwar juu ya lori la samaki wakavu, nimeketi kwenye magunia na brashi zangu za rangi nimezifunga kwa kitambaa kifuani. Nilikuwa nimechoshwa na jua. Kule kitu ukikisahau nje kinakauka kabla hujakikumbuka: nguo, ngozi, mkate, hata rangi kwenye brashi. Tulishuka Kapenguria, tukalala Kitale, na hapo lori likaishia. Nikapata lingine hadi Kakamega, lingine hadi Kisumu, kisha pikapu ya mwuza mayai iliyoniacha Oyugis nikiwa nimekunja magoti mpaka yamesahau kunyooka. Kutoka hapo vilima vikaanza. Kisii niliingia mvua ikinyesha. Keumbu nako ilikuwa ikinyesha. Mwenye duka la misumari na mabati alikuwa ameniita nimchoree ukuta wake, na ndiye aliyenielekeza pa kukodi chumba: nishuke na njia ya migombani, niulize kwa Shemasi.

Nilidhani nitakaa mpaka ukuta huo uishe. Nilikaa misimu mingi ya mvua, mimi ambaye sijawahi kuona kalenda moja ikiishia kwenye msumari uleule.

Shemasi nilimkuta juu ya paa la jikoni. Alikuwa mwanamke mnene wa umri wa kustaafu, amevaa sweta ya kijani juu ya gauni, na anakusanya vitu vyekundu kwenye beseni kwa haraka ya mtu anayeokoa vifaranga. Matone makubwa yalikuwa yameanza kupiga mabati. Hakunisalimu wala hakuuliza mimi ni nani.

"Shika ngazi, omogeni," alisema.

Omogeni ni mgeni kwa Kigusii, na hilo likawa jina langu pale nyumbani mpaka mwisho. Nilishika ngazi. Alipofika chini alichukua pilipili moja nyembamba, akaitikisa karibu na sikio, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Bado haijaongea."

Huo ndio uliokuwa ujuzi wake. Pilipili iliyokauka sawasawa, mbegu zake huachana na ganda na hulia ndani kama njuga ndogo. Shemasi alipima kwa sikio, kwa vidole na kwa pua. Kwa ulimi hakupima hata siku moja. Alikuwa shemasi wa Kanisa la Waadventista pale mtaani, na katika malezi yake ya dini pilipili, kahawa na chai ya rangi vilikuwa katika kundi moja la vitu vinavyochemsha mwili bila sababu. Aliwahi kuwafundisha akina mama wa kanisa upishi wa afya, na somo lake la kwanza lilikuwa nini cha kutoa kwenye sufuria. Sasa alikuwa na safu nzima ya mipilipili nyuma ya jikoni, kati ya migomba na choo, na majirani walipomuuliza alijibu kwamba ni ya kufukuza fuko.

Pilipili zilikuwa za mumewe. Yeye tulimwita Dereva, kama alivyoitwa na kila mtu tangu Keumbu hadi Masimba. Alikuwa ameendesha malori ya mizigo kwenda Sudan miaka mingi, akipita Lodwar na Lokichoggio, akilala chini ya trela. Huko ndiko alikojifunza kula pilipili kavu. Nyumbani ilikuwa marufuku, kwa hiyo alipokuwa akirudi kutoka Nairobi alisimama Masimba, akanunua maziwa ya mgando, akasukutua nayo kinywa, ndipo akaendelea na safari. Shemasi aliniambia jambo hili mwenyewe, akicheka kimya mpaka mabega yanatikisika. Alijua tangu mwanzo. Alisema mtu anayerudi kwa mkewe akinuka maziwa mchana kweupe ana lake.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na nusu ya ulimi. Sauti ilirudi kwa vipande. Ladha haikurudi. Chakula chote, alisema, kilikuwa kama karatasi iliyolowa. Alikula kidogo kwa kumheshimu mkewe, kisha akaanza kula kidogo zaidi. Muuguzi wa zahanati alimwambia Shemasi wazi kwamba mtu huyu asipokula, dawa peke yake hazitamshika. Siku moja Dereva akasema kwamba kuna kitu kimoja tu anachohisi angekionja, nacho ni pilipili kavu ya barabarani. Shemasi hakulala siku hiyo, hivyo ndivyo alivyoniambia. Asubuhi alikwenda sokoni Keumbu akarudi na miche kwenye mfuko wa nailoni.

Pilipili mbichi alimpa akaikataa. Inachoma tu, alisema, haina kitu ndani. Basi ikabidi zikaushwe. Lakini jaribu kukausha kitu katika nchi hii. Asubuhi jua linawaka vizuri, unaamini, unaanika. Alasiri wingu linatoka upande wa Nyamira, na kabla hujamaliza kusema linakuja limeshafika. "Mungu alitupa mvua, hakutuuliza," Shemasi alikuwa akisema, na hakuwa akilalamika. Alikuwa akieleza tu mazingira ya kazi.

Kwanza alizitunga kwa sindano ya gunia na uzi, akazining'iniza juu ya mafiga, mahali pa mahindi ya mbegu. Zilikauka, zikaongea vizuri kabisa. Dereva akatia moja mdomoni, akaitoa. "Samaki," alisema. Moshi ulikuwa umeingia hadi kwenye mbegu.

Akajaribu sufuria ya keki. Wanawake wa pale huoka kwa kuweka mchanga kwenye sufuria kubwa, ndogo ikaingia ndani, na makaa juu ya kifuniko. Aliweka pilipili badala ya keki, na nadhani makaa yalizidi. Nilikuwa chumbani nikaanza kukohoa bila kujua kwa nini. Kuku walikuwa wakipiga chafya. Jirani alitoka kwake ameshika leso puani.

"Shemasi, leo unatutoa mapepo?"

"Kama unayo, yatoke," Shemasi alijibu kutoka ndani ya moshi, na akakohoa yeye mwenyewe mpaka akakaa chini.

Baada ya hapo likaja sanduku. Alikuwa ameonyeshwa kwenye simu na mpwa wake: sanduku la mbao, ndani jeusi ili livute joto, juu nailoni nzito, matundu pembeni ya kutolea unyevu. Fundi alilipiga na mimi nikalipaka ndani kwa rangi nyeusi iliyobaki kwenye kazi ya duka. Ilikuwa kazi nzuri kwa macho. Pilipili zilitoka zikinuka ukuta mpya, na Dereva alinitazama kwa muda mrefu kwa jicho lake zima. Shemasi hakunilaumu. Aligeuza sanduku lile kiota cha kuku, na kuku mmoja alilala humo akaangua.

Mpwa huyo, aliyekuwa na ofisi Kisii mjini, akamletea mashine ya stima yenye trei na feni. Hiyo ilifanya kazi wakati wote stima ilipokuwepo. Zikatoka pilipili nyekundu, safi, zinazolingana kama zimetoka dukani. Shemasi alizitikisa sikioni na uso ukamng'aa. Dereva alionja, akatafuna, akafikiri. Akasema hizi ni dawa. Shemasi alikunja waya wa mashine taratibu, akairudisha kwenye boksi lake na kulifunga kwa kamba, na tangu hapo boksi lile likawa meza ya kuwekea Biblia.

Nisidanganye kwamba alikuwa mvumilivu wakati wote. Niliwahi kumkuta nyuma ya jikoni akiisemesha mipilipili kwa Kigusii kwa sauti ambayo haikuhitaji mkalimani. Na aliogopa kanisa zaidi ya alivyokubali. Alikuwa akiosha mikono kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni, kisha majivu, ili harufu isimfuate ibadani. Mara moja hakuosha vizuri, akajifuta jicho katikati ya wimbo. Alilia mpaka mwisho wa ibada. Mzee wa kanisa alisimama akasema roho imemgusa dada yetu, na wanawake wawili waliokuwa hawajasemezana muda mrefu wakapatana papo hapo. Shemasi aliwaacha wapatane. Alinisimulia huku akinikodolea macho, kama kwamba mimi ndiye ningemshtaki.

Sabato yake ilikuwa jambo lingine, na hapo hapakuwa na mzaha. Siku niliyolipia chumba alinisomea masharti akiwa amesimama. Kuanzia jua la Ijumaa linapotua mpaka jua la Jumamosi linapotua, hakuna kufua, hakuna kupaka rangi, hakuna redio ila nyimbo za kanisa. Nilimwambia mimi nilibatizwa Katoliki. Akasema amri yenyewe haikumsahau mgeni, inamtaja pamoja na mifugo, na kwamba kazi ikifanyika ndani ya lango lake ni yake. Kila Ijumaa alasiri kwa hiyo kulikuwa na mbio. Kuni zinapasuliwa, viatu vinapigwa rangi, chakula cha kesho kinapikwa na kutiwa kwenye chupa za kutunza joto, na kila kilichoanikwa kinaingia ndani. Nimeishi katika miji mingi tangu hapo, na bado Ijumaa jioni nikisikia mtu anapasua kuni mwili wangu unataka kuinuka na kuanua kitu.

Aliyeleta jibu ni Dereva mwenyewe. Tulikuwa tumekaa varandani, mimi na yeye, na nilimuuliza zile pilipili za Sudan zilikaushwa vipi, kwa sababu Lodwar nilikuwa nimeona watu wakizitandaza chini tu. Akatikisa kichwa. Maneno yalimtoka moja moja. Hawakuwa wakinunua kavu. Walinunua mbichi Kitale, wakazimwaga juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, na wakaendesha. Kufika Lokichoggio zilikuwa tayari.

Shemasi alikuwa akichambua mboga za managu karibu na mlango. Mikono yake ilisimama.

"Miaka yote hiyo hukusema?"

"Hukuuliza," Dereva alisema, na nusu ya mdomo wake ikacheka.

Kesho yake nilikwenda kwenye gereji ya Keumbu ambako malori mabovu hulala, nikarudi nimebebwa na mkokoteni pamoja na kioo cha mbele cha lori, kizima ila ufa mmoja pembeni. Tulitandika bati uani, tukapanga matofali, tukalaza kioo kwa mshazari juu yake, pande mbili wazi ili mvuke utoke. Shemasi alizipanga pilipili moja moja zisigusane. Ilikuwa ule msimu mfupi wa jua mwanzoni mwa mwaka, wakati vumbi linaonekana hata Kisii. Siku kadhaa mfululizo hazikupata tone. Alikuwa akiinama kuzigeuza na kuinuka na pilipili moja sikioni, na ile Alhamisi aliniita nisikilize. Zilikuwa zinaanza kuongea.

Ijumaa aliitwa kwenye msiba Kiogoro, kwa mwanamke wa kanisa lao. Mimi nilikuwa Keumbu kwenye ngazi, nikimalizia herufi za kinyozi. Nilirudi jua likiwa limeshagusa kilima. Nilipoufungua mlango wangu nilimwona anaingia langoni, amebeba viatu mkononi, amekimbia. Akasimama mbele ya kioo. Upande wa juu wa kilima migomba ilikuwa bado na mwanga, lakini uani kwetu kivuli kilikuwa kimekwisha kufunika kila kitu. Aliitazama ile migomba ya juu. Alizitazama pilipili. Ningeweza kuzianua kabla hajavuta pumzi, nikapiga hatua, naye akaninyooshea kiganja.

"Usiguse. Hata wewe."

Kisha akaunganisha mikono mbele ya gauni kama mtu anayeogopa itamponyoka, akaingia ndani. Baada ya muda nikasikia wimbo wa kufungua Sabato, sauti yake peke yake, na chini yake sauti ya Dereva ikifuata nusu neno nyuma.

Asubuhi alipita kuelekea kanisani bila kugeuza kichwa. Dereva alibaki varandani na chupa zake za chakula, kwa kuwa mteremko wa kanisani ulikuwa umemshinda. Mimi nilikaa mlangoni na gazeti la zamani. Adhuhuri kukawa na joto la ajabu, na wingu likatokea upande uleule wa siku zote. Uani petu ni mteremko; mvua ikija, maji hupita chini ya bati kama mto. Tulilitazama wingu wote wawili. Ngurumo ya kwanza ilipopiga Dereva alinyoosha mkono wake mzima kuelekea kwenye kioo.

"Omogeni," alisema. "Hizo ni zangu."

Nilimwambia Mama amekataa.

"Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, wanamtoa." Alipumzika, akitafuta neno lililobaki. "Mimi ndiye niko kisimani."

Nilizianua. Nilizikomba kwa viganja nikazitia kwenye mkebe mtupu wa unga wa maziwa, na niliponyanyua unyayo wa mwisho kuingia chumbani mvua ilianguka kama imekatwa kamba. Mvua ya mawe ilikuwa ndani yake. Maji yalilipindua bati na kulisogeza tofali moja hadi langoni.

Shemasi alirudi amelowa. Aliona bati tupu na hakusema neno, kwa sababu Sabato ilikuwa bado haijafungwa. Alisubiri. Jua lilitua, wimbo wa kufunga ukaimbwa, ndipo akaja akasimama nje ya mlango wangu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Alikutuma?"

"Alisema ni zake."

Maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye paa. Niliweza kuona kwamba alikuwa ameshayapima yote kanisani, mvua ilipokuwa ikipiga mabati na mhubiri akipaza sauti.

"Basi ni zake," alisema. "Lakini kazi ya Sabato haiingii jikoni kwangu. Zikae kwako."

Kwa hiyo Jumapili mchana akaleta sahani mpaka kizingiti changu, ugali wa wimbi na managu, na nyuma yake Dereva alikuwa akivuka ua. Alikuwa hajatoka varandani tangu mvua za mwaka uliotangulia. Alikuja na fimbo, mguu mmoja ukiburuta, anasimama anapumua, anaendelea. Nilimkalisha kwenye kopo la rangi. Nilifungua mkebe, akachagua moja, akaiponda kwa kidole gumba juu ya managu. Alikula. Jasho lilimtoka kwenye paji, jicho lake zima likajaa maji, na akakaa hivyo amefumba mdomo huku mimi nikidhani nimemuua.

"Lokichoggio," alisema.

Akaomba ugali mwingine. Shemasi, aliyekuwa mlangoni, aligeuka ghafla akaitazama migomba, na akakaa akiitazama muda mrefu kuliko migomba inavyostahili.

Hivyo ndivyo tulivyoishi kuanzia hapo. Kila mchana sahani ilivuka ua, na Dereva nyuma yake. Mwanzoni Shemasi aliiacha kizingitini na kuondoka. Baadaye akaleta kigoda, akawa anakaa mlangoni akitugeuzia mgongo, miguu nje, akizungumza nasi bila kutazama ndani. Dereva alinenepa shingo. Alivuka ua bila kusimama. Mazao mengine ya pilipili yakaiva, yakakauka chini ya kioo siku za kazi, hayana dosari yoyote mbele ya amri, na bado Shemasi alinikabidhi mimi niyamimine kwenye mkebe uleule. Alisema eti zikae na wenzao. Muuguzi alipokuja kumpima Dereva na kusifu mguu ule, Shemasi alimjibu kwamba mzee anapenda kula kwa jirani. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba yule mama alikuwa ameshasamehe zamani, na kwamba alichokuwa akikilinda sasa ni ule umbali wa ua.

Niliposikia kwamba kuna shule mpya huko Loitokitok inayotaka kuta zake zote zichorwe, miguu yangu ilishaanza kuwasha kabla sijaulizwa. Ndivyo nilivyo. Kumwambia Shemasi kulinichukua muda mrefu kuliko kufungasha. Sikuogopa hasira yake. Niliogopa chumba kitupu, na Dereva mlangoni kwake asiyekuwa na pa kwenda kula. Nilipomwambia, alisema tu, "Kumbe," akaendelea kuchambua mboga.

Siku niliyoondoka ilikuwa Jumatano, kavu, kioo uani kinang'aa. Nilikuwa nimekunja godoro na kufunga brashi kwa kitambaa kilekile. Mkebe nilikuwa nimeuacha dirishani, sikujua nimpe nani. Shemasi alikuja na sahani, akafika kwenye kizingiti, na safari hii hakusimama. Aliingia. Alitazama kuta kama mtu anayeona chumba chake mwenyewe mara ya kwanza, msumari wa kalenda, doa la rangi nyeusi sakafuni. Kisha akauchukua mkebe.

"Nilisema zikae kwako," aliniambia. "Na wewe unaenda."

Aliuinua hadi sikioni, akautikisa, akasikiliza kwa makini kama alivyosikiliza siku ile ya ngazi.

"Zinaongea," alisema.

Alitoka nao, sahani mkono mmoja na mkebe mkono wa pili. Hakwenda nyumba kubwa, ambako kiti cha Dereva kilikuwa karibu. Aliupita mlango huo, akakizunguka kiota cha kuku, akaenda hadi jikoni kule mwisho wa ua, mbali zaidi ya chumba changu, akainamisha kichwa chini ya paa lenye masizi na kuingia nao. Nikamsikia akivuta kigoda ndani na kumwita mumewe kwa Kigusii.

Dereva alikuwa tayari ameshaichukua fimbo. Alinipa mkono wa kushoto, mzima na mkavu, akaukaza, kisha akaanza safari. Nilimsubiri afike mlangoni ndipo nikabeba begi langu nikapanda kuelekea barabarani.